Baharia wangu amefika bandari zote za Ulaya, lakini hataki kunipeleka

Barua

Dada mpendwa,

Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 61, nakaa Ngamiani, Tanga. Mume wangu ana miaka 67. Alipanda meli yake ya kwanza mwaka 1984 akiwa oila, yaani mtu wa kutia mafuta injini, akamaliza mwaka 2015 akiwa fundi wa injini. Tulioana 1986. Kwa hiyo karibu ndoa yetu nzima imekuwa ya miezi tisa yeye baharini na miezi miwili mitatu nyumbani. Nimejifungua watoto watatu na hakuwepo hata mara moja. Sikuandikii kulalamikia hilo, maana meli ndizo zilizotujengea nyumba na kuwasomesha watoto.

Kila alipofika bandari ya Ulaya alinitumia kadi yenye picha ya mji. Ninazo mpaka leo, kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Juzi nilizihesabu, ziko 64. Miji ile naijua kama mitaa ya hapa kwetu. Hamburg ni nyumba za matofali mekundu zilizosimama ndani ya maji. Gdańsk ni lile jengo jeusi la mbao lililojitokeza juu ya mto. Tallinn ni minara yenye kofia nyekundu. Nyuma ya kila kadi ana mistari miwili tu: "Leo nimepita hapa. Baridi kali. Nimekukumbuka." Watoto wamekua na kadi hizo. Rukia, mkubwa wetu, alijifunza Kijerumani kwa sababu yake, na leo ni nesi Bremen.

Mwaka huu tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Watoto wamechanga kwa siri, wametukatia nafasi kwenye meli ya kitalii itakayoondoka Kiel mwezi wa sita, usiku kumi: Copenhagen, Visby, Stockholm, Tallinn, Riga, Gdynia, kisha kurudi Kiel. Rukia alipotupigia simu kutuambia, mimi nililia. Mume wangu alisema, "Mungu awabariki, wanangu, lakini bahari nimeishiba."

Nikadhani ni maneno ya mzee, yatapita. Hayakupita. Wiki ya pili akaniambia hawezi kukaa mezani anahudumiwa na vijana ambao miaka yote alikula nao sahani moja. "Mimi nikalale kitanda cha juu, huku chini ya miguu yangu watoto wa watu wanaoga jasho? Siwezi, Mama Rukia." Hilo nalo nikalielewa.

Lakini usiku mmoja, taa imeshazimwa, akasema lenyewe. "Zile kadi nilikuwa nanunua klabu ya mabaharia, palepale bandarini. Nyingine wakala wa meli alituletea. Mji wenyewe sikuuona. Hamburg nimefika labda mara ishirini, mjini nimeingia mara mbili, na mara moja ni daktari wa meno." Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa nitembee na wewe nikuonyeshe nini?"

Dada, sikumjibu. Asubuhi nilimwekea chai kama kawaida. Lakini tangu siku ile sina raha. Miaka 29 nilikuwa nalala peke yangu nikijifariji kwamba angalau mwenzangu anaiona dunia. Nikiwa na mtoto mwenye homa usiku wa manane nilikuwa nasema, haya, yeye yuko kwenye yale mataa mazuri ya kwenye kadi. Kumbe alikuwa chini kwenye mafuta. Sijui kama nimekasirika au namhurumia.

Rukia anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu tukijitoa baada ya hapo ile pesa ya awali inapotea. Hajui kitu kuhusu kadi. Nimlazimishe baba yake? Mdogo wangu wa kike yuko tayari kwenda na mimi, je, niende naye? Nimwambie Rukia ukweli? Na mimi mwenyewe, nisikufiche, nataka kwenda. Nataka kuona miaka yangu ilikuwa inakwenda wapi. Goti langu la kulia ni bovu, lakini hilo nitalibeba.

Mke wa Baharia, Tanga

Jibu

Dada yangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilikuwa ndani ya feri namba 62, inayotoka Landungsbrücken hapa Hamburg kwenda Finkenwerder. Nakaa mji huu miaka 22 sasa. Ng'ambo ya mto unaona kreni za kontena za Waltershof zimejipanga kama twiga waliokuja kunywa maji, na chini yake meli ambazo kwa mbali huoni hata mtu mmoja juu ya sitaha. Nilikuwa nazitazama nikamfikiria mumeo.

Naomba nianze na kadi, kwa sababu naona ndizo zinazokuuma kuliko safari.

Mumeo hakukudanganya kwa namna unayoogopa. Aliandika "nimepita hapa", na kupita alipita. Watu wa nchi kavu hatujui bandari zimebadilika kiasi gani. Zamani meli ya shehena ya kawaida ilikaa gatini wiki au zaidi, magunia na makasha yakishushwa kwa winchi na mabega ya makuli, na baharia alipata jioni zake za kushuka mjini. Kontena ziliposhika biashara, meli ikawa inaingia alfajiri na usiku inaondoka. Bandari zenyewe zikahamishiwa mbali na miji. Bandari ya mizigo ya Tallinn iko Muuga, nje kabisa ya mji. Na mtu wa injini ndiye mwenye mzigo mzito zaidi kati ya wote, kwa sababu injini inasimama meli ikiwa bandarini, na saa hizo ndizo za kufungua, kusafisha na kubadilisha vipuri. Wenzake wa sitaha wanaweza kubahatisha saa mbili za kutoka. Yeye yuko chini na spana.

Kisha ikaja Julai 2004, zilipoanza kutumika sheria mpya za usalama wa meli na bandari duniani kote. Kutoka getini kukawa kwa vibali, orodha za majina na gari maalumu, na mabaharia wengi wa nchi zetu wakaona ni heri kubaki melini kuliko kudhalilishwa kwenye geti. Hiyo ni miaka 11 ya mwisho ya kazi ya mumeo.

Hapa Waltershof kuna klabu ya mabaharia inaitwa Duckdalben, ilifunguliwa 1986, mwaka uleule mlioana. Nimewahi kuingia. Ina meza ya biliadi, duka dogo, na ghorofani chumba kimoja ambamo kila dini imewekewa pembe yake ya ibada. Nilichokiona na sijakisahau ni kijana mmoja wa oveloli, kucha bado zina grisi, amekaa pembeni na simu, anamwonyesha mkewe kupitia kamera dirisha la klabu. Nje ya dirisha hakukuwa na kitu ila ukuta na miti. Akawa anasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Hii ndiyo Ujerumani." Alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli. Mumeo hakuwa na simu ya kamera. Alikuwa na kadi. Alikwenda kwenye kile kidirisha chake, akachagua picha nzuri kuliko zote, akakutumia wewe. Mara 64. Mimi sioni uongo hapo, naona mtu aliyenyimwa mji akaona si haki na wewe unyimwe.

Hata hivyo, maumivu yako sitayafuta. Ulijifariji kwa kitu ambacho hakikuwepo, na sasa inabidi ukumbuke upya zile usiku zote huku ukijua mwenzako naye alikuwa amefungiwa. Hiyo ni kama msiba wa kuchelewa. Lia kama unataka kulia. Lakini umwambie yeye, si mimi tu. Katika barua yako nzima umeniambia mume wako anataka nini, watoto wanataka nini, mdogo wako yuko tayari kwa nini. Mstari mmoja tu, tena mwishoni, ndio unasema unataka kwenda. Je, umemwambia? Nadhani bado. Nadhani baada ya ile usiku ulimwekea chai mkanyamaza wote wawili, na yeye mpaka sasa anaamini umemshusha thamani.

Swali lake, "nikuonyeshe nini?", ndilo la kujibu. Anadhani unataka mwongozaji. Anajiona kashuka gatini na wewe, unamuuliza njia ya kwenda sokoni ni ipi, naye hajui, na mkwe au mjukuu yuko pembeni anasikia. Mtu aliyekuwa gwiji wa Ulaya sebuleni kwake kwa miaka 30 haogopi bahari, dada, anaogopa kona ya kwanza ya mtaa. Mwambie hivi, kwa maneno yako: sitaki unionyeshe, nataka tukaone wote, mimi mara ya kwanza na wewe mara ya kwanza. Mtoe kwenye ile kazi ya kujua.

Kwa hiyo usimlazimishe, na usiende na mdogo wako. Najua mdogo wako hana nia mbaya. Lakini ukienda naye, mumeo atabaki Tanga anahesabu siku kama ulivyokuwa unahesabu wewe, na utakaporudi na picha halisi za Gdańsk na Tallinn, kila picha itakuwa kama hati ya mashtaka mkononi mwake. Hutakusudia, lakini ndivyo atakavyoiona.

Na Rukia usimwambie. Siri hiyo ni ya baba yake. Akitaka kumsimulia mwanawe atamsimulia mwenyewe, na wala sitashangaa akifanya hivyo mkiwa huku. Rukia ni nesi, amekesha zamu nyingi za usiku katika nchi ya watu. Anajua kazi inavyoweza kukuweka katikati ya mji mzuri usiuone. Ataelewa haraka kuliko mnavyodhani.

Sasa hili la kuhudumiwa. Hapa simkosoi mumeo hata kidogo, kwa sababu anasema kitu cha heshima. Vijana wengi wanaotandika vitanda na kubeba sahani kwenye meli za kitalii wanatoka Ufilipino, India na Indonesia, kwa mikataba ya miezi mingi mfululizo, na wengi nao bandari wanaziona kwa dirisha. Meli nyingi haziruhusu abiria kushuka chumba cha injini, kwa hiyo asitarajie hilo. Lakini fikiria ni abiria wangapi kati ya maelfu wanaojua kijana yule ametoka zamu gani na anaingia zamu gani. Mumeo anajua. Atamsalimia kwa jina, hatamwita kwa kidole, atamwuliza mkataba unaisha lini na mtoto nyumbani ana umri gani. Mwambie Rukia aulize kama bakshishi ya wafanyakazi imeshaingizwa kwenye bei, maana meli nyingi zinaikata kwa siku na kwa kichwa. Kama haimo, mumeo atakuwa wa kwanza kutaka itolewe. Baharia akiwa abiria ni ugeni mwema kwa wale vijana, si aibu kwake.

Ningependa mfike Ujerumani siku nne kabla ya meli, na siku mbili mzitumie Hamburg. Kiel iko karibu, treni ni saa moja na kidogo tu. Siku ya kwanza pandeni hiyo feri 62. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji inatosha, hakuna haja ya kulipia boti ya watalii. Hapo ndipo mumeo atakapokuwa mwenyeji bila kujilazimisha. Atakuonyesha gati, atakuambia kamba ya nyuma inafungwaje, kwa nini mto Elbe unataka rubani, maana kutoka Hamburg mpaka baharini ni kama kilomita 110. Mwache aseme. Upande huo wa mji anaujua kuliko mimi niliyekaa miaka 22. Ukiweza, mwombe mwende mpaka Duckdalben. Ninyi si mabaharia wa meli iliyopo gatini, kwa hiyo Rukia apige simu kwanza, lakini kwa mzee aliyekuwa akinunua kadi pale sidhani kama watakuwa na kinyongo.

Siku ya pili vukeni kwenye yale matofali mekundu ya kadi yako. Panaitwa Speicherstadt, mji wa maghala, sehemu ya kwanza ilizinduliwa 1888, na majengo yamesimama juu ya nguzo zilizopigwa kwenye tope la mto. Kahawa, viungo na mazulia vilikuwa vinavutwa kwa kamba kutoka kwenye mashua moja kwa moja hadi dirishani. Tangu 2015 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Simameni kwenye daraja, toa kadi kwenye mkoba, mtafute mpiga picha alisimama wapi. Naamini hapo ndipo mumeo atakapolainika.

Na wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo utaniruhusu kidogo. Mwaka 1859 Hamburg, pamoja na Bremen na Lübeck, walitia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alikuja hapa 1867 na mumewe Mjerumani, na miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto wadogo watatu. Alifariki 1924 mjini Jena, lakini kaburi lake liko Ohlsdorf, hapahapa Hamburg, pamoja na ukoo wa mumewe. Mara nyingi mwenye kutoka kwetu akinitembelea nampeleka. Mwanamke aliyejua maana ya meli kuondoka na kutorudi, nadhani utataka kumsomea Fatiha.

Nikiruhusiwa kuwaongezea kituo kimoja ambacho hakimo kwenye ratiba, ni Lübeck, dakika kama 45 kwa treni kutoka Hamburg. Huo ndio uliokuwa mji mkuu wa Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara walioshika bahari ya Baltiki kwa karne nyingi, kama vile Kilwa na Mombasa zilivyoshikana na pepo za kaskazi na kusi kwenye bahari yetu. Watu wote wanakimbilia lango la Holstentor la 1478. Ninyi nendeni kwanza kanisa la Mtakatifu Yakobo, kanisa la mabaharia. Ndani imewekwa mashua ya kuokolea ya meli Pamir, iliyozama Atlantiki Septemba 1957. Walikuwa watu 86, wakapona sita. Mashua imepasuka ubavu, mbao zimevunjika, hakuna aliyeitengeneza. Iko vilevile ilivyookotwa. Mimi nimeolewa na mwalimu, sina mtu baharini, lakini nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Wewe uliyesubiri miaka 29 utasoma mashua ile tofauti. Na yeye pia. Usiseme kitu mkiwa pale.

Ratiba ya meli yenyewe, nakusihi, msiikimbize. Kila bandari mtapewa saa saba, nane, na watu wa meli watawauzia ziara za basi zenye vituo kumi. Msinunue zote. Kwa goti lako hasa. Miji hii ya kale imesakafiwa kwa mawe ya mviringo, Visby na Tallinn ni za kupanda na kushuka, na viatu vya ngozi laini ya kwetu havitafaa. Chukua raba zenye soli nene, mshike mumeo mkono, chagueni kitu kimoja au viwili. Na mrudi melini saa nzima kabla ya muda uliotajwa, kwa sababu meli haimngoji mtu, na huyo mzee wako angeumwa na aibu hiyo mpaka kaburini.

Stockholm kitu kimoja ni meli ya Vasa. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628, siku yake ya kwanza kabisa, hata kilomita moja na nusu haijamaliza, kwa sababu ilijengwa ndefu kwenda juu na nyembamba tumboni, ikalala upepo mdogo tu ulipoipiga. Walikuja kuiinua 1961, mbao zake bado nzima, kwa kuwa maji ya Baltiki yana chumvi kidogo na yule mdudu anayetoboa mbao za majahazi yetu hawezi kuishi humo. Mzee wa injini atakaa hapo saa tatu, atakueleza makosa yote, na utamsikiliza. Ila mwambie Rukia aangalie meli inafunga wapi, maana baadhi ya meli kubwa zinaishia Nynäshamn, kama kilomita 60 kusini ya mji.

Tallinn tembeeni mtaa wa Pikk, polepole. Namba 26 kuna mlango uliopakwa rangi nyingi, ni nyumba ya chama cha Vichwa Vyeusi, vijana wafanyabiashara ambao hawajaoa. Juu ya mlango utaona kichwa cha Mwafrika kimechongwa. Ni Mtakatifu Maurice, ambaye walimchukua kuwa mlinzi wao. Riga wana nyumba ya chama hichohicho, ilibomoka vitani na kujengwa tena 1999. Mara ya kwanza kumwona nilishtuka, mtu wa rangi yangu amekaa juu ya mlango wa matajiri wa kaskazini kwa mamia ya miaka, wapita njia hawanyanyui hata kichwa.

Gdańsk ndiyo kadi ya mumeo hasa. Kutoka Gdynia mtapanda treni ya mji, kama dakika 40. Lile jengo jeusi la mbao ni kreni, dada. Ni kreni ya bandari! Ilijengwa kati ya 1442 na 1444. Ndani mna magurudumu makubwa, na watu waliingia ndani yake wakatembea, hatua kwa hatua, ili mzigo upande au mlingoti wa meli usimikwe. Injini ilikuwa miguu ya watu. Iliungua 1945, wakaijenga upya. Na mwendo mfupi kutoka hapo ndipo palipokuwa na kiwanda cha meli ambako mgomo wa Agosti 1980 ulianza, mafundi wa oveloli kama za mumeo wakiongozwa na fundi umeme Lech Wałęsa, wakaitikisa Poland nzima. Mwambie hayo usiku mmoja kabla ya mwisho wa mwezi huu, uone kama ataendelea kusema bahari ameishiba. Hapo Gdańsk mnunue kadi mpya, safari hii aandike mbele yako, iwekwe stempu na itumwe Tanga kwa sanduku lenu la posta, jina lako.

Mambo madogo yaliyobaki. Nchi zote za ratiba yenu ziko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Kwa kuwa mtalala Ujerumani siku nyingi kuliko kwingine, ombeni ya Ujerumani. Ada ni yuro 90 kwa kila mmoja, na bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla, basi msingoje mwezi wa tano. Chakula cha halali Rukia akiandikishe sasa hivi, kwa maandishi, asisubiri mkiwa mezani. Na sala, utashangaa: mwezi wa sita Tallinn jua linazama kama saa nne na dakika arobaini usiku, na Isha haieleweki iko wapi. Ninyi ni wasafiri, mna ruhusa ya kupunguza na kuunganisha, itumieni mpate kulala. Sweta msiache, upepo wa sitahani hauna kiangazi.

Ikiwa baada ya mazungumzo yote bado atasema hapana, mwamini. Inawezekana kinachomshinda ni meli yenyewe, sauti ya injini chini ya kitanda ambayo wewe hutaisikia na yeye hataacha kuisikia. Hapo mwombe Rukia, kabla tarehe haijapita, abadilishe ile pesa iwe safari ya nchi kavu: Bremen, Hamburg, Lübeck, kwa treni, mkilala vitanda visivyotikisika. Gdańsk nayo ina treni. Kadi zitakuwa chache, lakini mtakuwa wawili.

Ongea naye leo, baada ya Isha, taa ikiwa imewashwa. Toa bati la biskuti uliweke kitandani katikati yenu. Na mkija Hamburg, niandikieni siku mbili kabla. Nazi huku ni ya kopo, lakini samaki nanunua asubuhi, na wali nitapika wa watu wanaokula.